Udongo Nilioutupa Kisiwani

Tulimzika shangazi yangu Agnesi huko Idodi, si mbali na barabara iendayo hifadhini, na katika ibada ulisomwa wasifu wa marehemu wenye kosa. Magari ya watalii yalikuwa yakipita na kutumwagia vumbi mpaka mchungaji akalazimika kufuta miwani yake, lakini nilisikia vizuri kila neno. Binamu yangu Titho, mwana wa marehemu, alisoma kwamba mama yake “alimchukua mtoto yatima wa kaka yake, akaenda naye kisiwani ili kumfariji.” Mtoto huyo ni mimi. Waombolezaji waligeuka kunitazama. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alinipapasa bega, nami, mstaafu mwenye wajukuu, nikajikuta nimeinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

Nimetumikia serikali maisha yangu yote ya kazi, sehemu kubwa mkoani Mbeya, kwenye meza ya kuandikisha vizazi na vifo. Nimewarudisha makwao watu wazima, tena wenye heshima zao, kwa sababu mpangilio wa maelezo yao haukulingana. Sikuweza kunyamazia jambo lililonihusu mimi mwenyewe. Watu walipokwisha kunawa na kupakuliwa wali, nilimfuata Titho nyuma ya turubai.

“Mdogo wangu, ule wasifu umekosewa. Nilipopelekwa kisiwani mama yangu alikuwa hai.”

“Najua, kaka.”

“Unajua, na bado ukausoma mbele ya kanisa?”

Titho alitazama sahani yake. “Mama mwenyewe ndiye aliyetaka uandikwe hivyo. Nilimbishia sana. Akaniambia, ‘Andika yatima, Titho, usiandike vinginevyo. Yule mtoto asije akaonekana alikuwa anacheka.’”

Nilimwacha na sahani yake. Lakini ninyi wa rika langu, mliolelewa katika desturi zile zile, mnastahili kuupata ukweli kwa mpangilio wake, nami nitaueleza jinsi ulivyokuwa. Sikuwa yatima nilipokwenda kisiwani. Nilipata uyatima nikiwa huko huko, katika siku za furaha kuliko zote za utoto wangu, na kila mtu mzima aliyenizunguka alilijua jambo hilo isipokuwa mimi.

Nyumbani kwetu kulikuwa Mlandege, mjini Iringa, katika nyumba ambayo asubuhi za baridi ilijaa harufu ya majani ya mkaratusi. Bibi yangu, mama yake baba, aliyachemsha katika sufuria kubwa, na mama yangu alijifunika blanketi akainamia mvuke ule kwa ajili ya kifua chake. Nilidhani mama wote hufanya hivyo. Nilidhani ni namna ya watu wazima ya kunawa uso. Alipojifunua, nywele zikiwa zimemlowa na macho yamekuwa mekundu, alinikumbatia, na hadi leo nikipita chini ya mikaratusi baada ya mvua hunibidi nisimame kidogo.

Likizo moja, nikiwa bado katika madarasa ya chini, shangazi Agnesi alikuja. Mumewe, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alikuwa amehamishiwa na serikali kufundisha katika kisiwa kidogo cha pwani. Sitakitaja kisiwa hicho, maana wenyeji wake hawana hatia yoyote katika habari hii. Niliambiwa kwamba kwa kuwa nilikuwa nimefanya vizuri shuleni, zawadi yangu ilikuwa kwenda kuona bahari. Niliamini. Kwa kweli nilikuwa nimefanya vizuri, na mtoto haoni ajabu kutuzwa. Sikujua kwamba mama alikuwa amepangiwa kulazwa hospitali, na kwamba watu wazima walikuwa wameketi wakakubaliana kunitoa nyumbani.

Mama alinifunga vifungo vya sweta mwenyewe, polepole, akipumzika kati ya kifungo na kifungo.

“Usimsumbue shangazi yako,” alisema. “Na hiyo bahari uiangalie vizuri, uje unisimulie. Mimi sijawahi kuiona.”

“Nikuletee?”

“Utaibebea wapi, wewe mtoto? Niletee maneno tu.”

Tuliteremka mlima wa Kitonga nikitapika, tukashuka katika joto ambalo lilinifanya nidhani naumwa, na mwishowe tukapanda boti ya injini iliyonuka mafuta na samaki wakavu. Asubuhi yake niliamka katika nyumba ya Mwalimu, nikatoka nje bila viatu, nikakuta dunia imeisha. Mbele ya miguu yangu palikuwa na mchanga mweupe kama unga wa sembe, na baada ya mchanga hapakuwa na kitu kingine ila maji mpaka yalipokutana na mbingu. Hapakuwa na mlima hata mmoja wa kuegemeza macho. Palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kaa wadogo wakikwaruza wanapokimbilia mashimo yao.

Mtoto wa nyanda za juu huyajua maji kama kitu kinachoteremka. Maji yakipita mbele yako yamekwenda, hayana habari nawe tena. Kwa hiyo siku ile ya kwanza, bahari ilipoanza kurudi nyuma na kuacha matope yenye kumetameta, nilikimbia kwa msichana wa jirani, Mwanaidi, aliyekuwa akiokota kombe za baharini pamoja na mama yake.

“Nani amefungulia maji?” niliuliza. Mjomba wangu alikuwa mkulima wa mpunga huko Ubaruku, nami nilikuwa nimemwona akibomoa tuta la jaruba kwa jembe ili maji yaende kwa jirani.

Mwanaidi alicheka mpaka kapu likamponyoka. “Mama! Msikie huyu wa bara! Ati nani kafungulia bahari!”

“Basi yanakwenda wapi?”

“Yanakwenda kwao.”

“Na yatarudi?”

“Wewe ukienda kwenu hurudi?” alisema, akaendelea kuokota.

Jioni nikayaona yanarudi kweli, nikalitunza jambo hilo kwa ajili ya mama. Kila siku nilijiwekea maneno ya kumpelekea, nikiyarudia kabla ya kulala kama somo la kukariri: kwamba maji yanapumua, yanatoka na kuingia kama kifua cha mtu, kwamba dafu lina maji matamu na hakuna aliyeyatia, kwamba mchanga ukiukanyaga mchana unaunguza na ukichimba kidogo una baridi kama sakafu yetu ya Mlandege.

Baadaye shangazi alibadilika. Naikumbuka vizuri adhuhuri yenyewe. Redio ya Mwalimu ilikuwa dirishani, nasi tulikuwa tukila mkekani, na msomaji alikuwa akisoma matangazo ya vifo kwa ile sauti yake ya taratibu, akitaja majina ya marehemu na majina ya ndugu ambao habari ziwafikie popote walipo. Watu wa umri wangu mnaikumbuka saa ile, jinsi kila nyumba ilivyoacha kutafuna. Nilikuwa nikishindana na mwiba wa samaki. Nikasikia Iringa ikitajwa, nikafurahi kusikia kwetu, nikainua uso. Na hapo hapo shangazi aliruka akaizima redio kwa kiganja, kama mtu anayeua mbu.

“Betri zimekwisha,” alisema.

“Mbona ilikuwa inaongea?”

“Zimekwisha, baba. Kula.”

Mwalimu alisimama akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Shangazi alilichukua lile pande la samaki lililokuwa mbele yake, kubwa kuliko langu, akalitoa miiba yote kwa vidole vyake, akaliweka kwenye sahani yangu.

Tangu chakula kile, kila kitu nilichotaka nilipewa. Sikuoshwa tena kwa nguvu wala kuagizwa maji. Nililetewa yai kila asubuhi, nikanunuliwa soda katika duka la bandarini, nikaachwa niogelee mpaka vidole vikunjamane. Nilipomwuliza shangazi kwa nini, alisema, “Kwa sababu wewe ni mtoto mzuri,” nami nikaona kwamba hatimaye watu wamelitambua jambo hilo. Nilimweleza Mwanaidi kwa majivuno kwamba huku kisiwani mimi ni mtoto wa maana. Shangazi alivimba macho akasema ni moshi wa kuni. Nilisikitika kwamba kuni za pwani ni mbaya namna ile.

Baadaye nilielezwa yote. Tangazo lilisema mazishi ni kesho yake saa tisa alasiri. Boti haikuwapo ya kutufikisha kwa wakati, na baba alituma agizo kwamba, kwa kuwa mazishi yametupita, mtoto aachwe amalizie likizo. Na kwetu msafiri haambiwi msiba ugenini. Msiba hupokelewa nyumbani, mtu akiwa ameketi chini, ndugu wamemshika pande zote. Sina ugomvi na hekima iliyomo katika desturi hiyo. Nina ugomvi na watu wanaoishika desturi moja na kusahau kwamba ipo nyingine inayoipinga. Maana ni desturi ya kwetu pia kwamba mtoto wa marehemu hutupa udongo kaburini kabla ya jamaa wengine, na asipotupa hahesabiwi kuwa amezika. Ndugu walioko Mlandege walishika ile ya kwanza, wakatulia. Shangazi peke yake, kule kisiwani, alizishika zote mbili, na hakuwa na mtu wa kumshauri.

Kesho yake ya tangazo lile, mchana, shangazi alinijia akiwa amevaa kitenge cha kanisani na kilemba cheusi, ingawa haikuwa Jumapili, na mkononi ana jembe. Tulitembea hadi upande wa pili wa kisiwa, ambako hapakuwa na nyumba wala mashua, na ambako ufukwe ulikuwa mzuri hata sasa sijui niueleze vipi bila kuonekana nautangaza.

“Tunapanda nini?” niliuliza.

“Hatupandi. Tunacheza.”

Nilistaajabu. Watu wazima wa kwetu hawakucheza na watoto. Walitutazama tukicheza, basi. Shangazi alianza kuchimba. Mchanga ulikuwa ukiteleza kurudi ndani, naye anautoa, unateleza, anautoa, na alipofika chini kidogo maji yakaanza kuchuruzika. Akapiga magoti akazinyoosha kuta za shimo kwa viganja, pembe kwa pembe, kwa uangalifu wa mtu anayetandika kitanda.

“Shangazi, shimo lako lina kichwa kigumu!”

“Chota mchanga,” alisema. “Kwa mkono wa kulia. Sasa tupa ndani, useme kwaheri.”

“Kwaheri nani?”

“Wewe sema kwaheri tu, baba.”

Nikavuta pumzi, nikatupa, nikapiga kelele: “Kwaheri shimooo!” Nikaangua kicheko, maana sauti ilikwenda mbali juu ya maji na hakuna aliyeirudisha. Nilizoea kupiga kelele mahali penye milima. Shangazi alitupa wa kwake bila kucheka, midomo yake ikienda bila sauti, kisha akafukia lote haraka haraka, akalipigapiga kwa bapa la jembe.

“Tena!” nilisema.

“Hapana.”

“Mara moja tu, shangazi. Mimi nichimbe.” Nilikuwa nimekwisha kuchota. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo hakuwahi kuitumia kwangu kabla wala baadaye, mpaka mchanga ukamwagika wote kati ya vidole.

“Hautupwi tena! Umenisikia? Hautupwi!”

Kisha alinivuta kifuani akaniziba uso kwa kitenge chake. Nilidhani nimemshinda katika mchezo, na kwamba hapendi kushindwa.

Mchezo mzuri unaokatazwa huchezwa kwa siri. Kesho yake nilimfundisha Mwanaidi.

“Huu mchezo gani?”

“Wa kwetu Iringa. Unachimba, unatupa, unasema kwaheri.”

“Halafu anashinda nani?”

“Wa kelele kubwa.”

Tulichimba siku zote zilizobaki za likizo ile. Tuliupiga ufukwe mashimo kama shamba la viazi, tukatupa mchanga na kuaga, “Kwaheri shimo, kwaheri shimo,” tukianguka chini kwa kicheko. Bahari ilikuja ikasawazisha, nasi tukarudia. Mwanaidi alikuwa na sauti kali kuliko yangu na alinishinda karibu kila mara.

Tulirudi Mlandege shule zilipokaribia kufunguliwa. Njia nzima shangazi hakula. Mimi nilikuwa na kazi ya kupanga masimulizi yangu, lipi litangulie. Nilipoliona paa letu niliuachia mkono wake, nikakimbia, nikaingia uani nikipiga kelele: “Mama! Mama, maji yanapumua!”

Uani palikuwa na wanawake wameketi wakichambua maharage. Wote walikuwa wamenyolewa vichwa, hata bibi yangu, nami niliona wanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Walinitazama. Kisha mmoja akaanza, na wengine wakampokea, kilio kile kipya wanachopokelewa nacho waliofika nyuma ya msiba. Nami nikadhani wanalia kwa furaha ya kuniona. Nilicheka. Nilisimama katikati ya kilio cha mama yangu nikicheka kwa mara ya pili. Nikawaambia, “Nimerudi, msilie, nimerudi!”

Bibi ndiye aliyenikalisha chini kati ya magoti yake. Alisema kwa upole, mdomo wake ukiwa sikioni mwangu, “Mama yako amepumzika, mjukuu wangu. Tumemlaza vizuri.” Nilimwuliza ataamka lini. Alinishikilia, na polepole sana nikaelewa kutokana na uzito wa mikono yake.

Jioni hiyo, wakati chai inanywewa, baba mkubwa wangu alizusha suala ambalo nadhani alikuwa amelitunza tangu siku ya mazishi.

“Mtoto wa marehemu hajatupa udongo. Kesho aende makaburini akatupe.”

“Ametupa,” shangazi alisema.

“Ametupa wapi?”

“Kule kule tulikokuwa. Saa ile ile mliyozika ninyi.”

Kikombe cha baba mkubwa kilibaki hewani. “Unasema nini, Agnesi? Umemzikisha mtoto mama yake kwenye mchanga wa pwani, kama paka anavyofukia mavi yake?”

“Ningefanyaje? Mlisema asiambiwe. Mlisema pia bila udongo hajazika. Ningefanyaje, kaka? Nilichimba kwa mikono yangu.”

“Na maji yakaja yakachukua!”

“Nyamazeni,” baba yangu alisema, na lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. “Mama aseme.”

Bibi alikuwa amenipakata. Aliweka kidevu chake juu ya kichwa changu. “Mtoto ametupa,” alisema. “Shangazi mtu amemshuhudia. Hatatupa tena. Udongo hautupwi mara mbili. Anayerudia anaita mwingine wa damu ile ile.”

Alikusudia kunilinda na kumaliza ugomvi, na ugomvi ulikwisha kweli. Baba mkubwa aliinywa chai yake. Hakuna aliyejua kwamba pale mapajani mwa bibi alikuwa amekaa mtoto ambaye ndipo kwanza anaelewa mchezo ule ulikuwa mchezo gani, na ambaye wakati ule ule anakumbuka ufukwe mzima wenye mashimo kama shamba la viazi. Sikujua hesabu yake. Nilijua tu kwamba mashimo yalizidi ndugu zangu wote, wa Iringa na wa Ubaruku kwa pamoja.

Hazikupita siku nyingi bibi akaanza kukohoa. Upepo wa baridi ulikuwa umeanza, na katika umri wake, akiwa amenyolewa kichwa na ameketi nje kupokea wageni wa msiba, lilikuwa jambo la kutazamiwa. Sasa nalijua hilo. Wakati ule nilijua jambo moja tu. Harufu ya mkaratusi ilirudi ndani ya nyumba, blanketi lile lile, sufuria ile ile, nami nikakaa mlangoni nikimwangalia mtu niliyemwua mimi. Sikuweza kula. Watu walisema, “Anamlilia mama yake, maskini,” wakaniachia mnofu wa kuku. Naona haya kueleza kwamba katika siku zile sikumlilia mama hata kidogo. Sikuwa na nafasi. Nilikuwa nikiwapitia ndugu zangu mmoja mmoja, kuona nani amekonda.

Shangazi alikuwa anarudi kwa mumewe. Asubuhi ya safari nilimsindikiza pamoja na baba hadi stendi, na baba alipokwenda kuulizia mzigo, niliona hiyo ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nilimshika kitenge.

“Shangazi, ukifika kule, kafukue.”

“Nifukue nini, baba?”

“Kule uliponitupisha mchanga. Ufukue wote. Tafadhali, shangazi, nitakuwa mtoto mzuri.”

Nilikuwa nikimwombea bibi. Lakini sikulitaja jina la bibi, maana niliogopa kwamba kulitaja kungeharakisha mambo, na shangazi alisikia kile ambacho mtu yeyote angesikia kwa mtoto aliyezikishwa mama yake bila kuambiwa. Alijiziba mdomo kwa kiganja. Rangi yake ikawa ya majivu.

“Hayupo kule, baba,” alisema. “Hayupo kule kabisa.”

Nami nikafahamu, kwa akili yangu, kwamba bibi alikuwa bado hajafika huko, na kwamba tungali na muda.

“Basi wahi, shangazi,” nilimwambia. “Wahi, fukua!”

Kondakta alikuwa anapiga ubavu wa basi akiwahimiza abiria. Shangazi alipanda akiwa amegeuza uso, akakaa upande ambao sikuweza kumwona.

Bibi hakufa. Katika juma lile lile homa ilimwachia, akaanza kudai ugali badala ya uji na kumtukana jogoo wa jirani, na aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilipomwona ameketi juani anapepeta mahindi, mzigo ulinitoka wote kwa mara moja. Nikajua shangazi amefika, amefukua. Nilikimbia nje kucheza, na kama walivyo watoto, sikulifikiria tena jambo lile kwa muda mrefu sana.

Nilikuwa mtumishi kamili wa serikali, mwenye meza na muhuri, nilipokuja Idodi kuwatembelea shangazi na Mwalimu, ambaye alikuwa amestaafu na kujenga huko. Mwalimu sasa ni marehemu miaka mingi. Alasiri ile tulikaa nje wawili, shangazi akiwa jikoni anatuandalia kuku, na Mwalimu, katika kukumbuka habari za kisiwa, akasema kwa sauti ya chini jambo ambalo inaelekea alidhani nalijua.

“Alipotoka kukurudisha kwenu hakufungua hata mzigo. Alichukua jembe, akavuka upande wa pili. Maji yakitoka, yuko kule anachimba. Yakijaa anarudi, analala, yakitoka tena, huyo. Wenyeji walisema ana mashetani, mama yake Mwanaidi akaja na ubani. Nikamfuata. Nilimwambia, ‘Mke wangu, unatafuta nini humo mchangani? Wewe ni mtu wa akili.’ Akaniambia, ‘Sitafuti kitu. Najua hakuna kitu. Mtoto amenituma.’”

Shangazi alitoka na maji ya kunawa. Alimimina juu ya mikono yangu, akaniuliza kama nimemwacha mke wangu salama. Nilimjibu kwamba ni salama. Nilikula kuku wake, nikamsifia mchuzi, nikaomba nyongeza, na giza lilipokaribia niliaga nikaondoka. Nilirudi mara nyingine nyingi katika nyumba ile, nikakaa kwenye kiti kile kile, na mpaka tunamzika sikuwahi kumwambia nilichokuwa nimekiomba pale stendi, wala kwa ajili ya nani.

Alichimba, alisema Mwalimu, mpaka viganja vikamchubuka na bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu, likaja likafunika upande ule wote wa kisiwa. Wakati huo bibi alikuwa amepona zamani, yuko uani Mlandege na ungo wake, mimi nacheza mbele yake. Na hakuna aliyempelekea shangazi habari kwamba aache.